Nchi Itazamwapo kwa Mbali: Picha za Oswald Achenbach na Ukingo wa Ngorongoro

Leo twataka kuwachukua mpaka pwani ya Italia, kisha tuwarudishe kwetu Karatu kwa njia ambayo labda hamkuitazamia. Safari yenyewe ilianza kwa kosa la mwanafunzi mmoja.

Sisi walimu wa chuo tuna desturi ya kuwapeleka wanafunzi wetu wa ualimu mpaka ukingoni mwa Ngorongoro, wapate kujifunza kuchora nchi waionavyo kwa macho yao. Huondoka Karatu alfajiri, tukayapita mashamba ya ngano na mahindi ya Wairaqw, na kahawa iliyopandwa chini ya mlima Oldeani, kisha tukaingia msituni penye baridi na ukungu. Ukungu ukiinuka, shimo lote huonekana kwa mara moja, na hata aliyekwisha kuliona mara kumi hunyamaza kidogo. Wenye elimu ya ardhi huliita kreta. Ni mlima wa moto uliobomoka na kudidimia yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita, ukaacha bonde la mviringo lenye eneo la kilometa za mraba 260 hivi, na kuta zake zapata mita 600 kwenda juu.

Basi mwanafunzi huyo alichora vizuri, ila ukuta wa ng'ambo aliupaka rangi ya kijani kibichi, sawasawa na majani yaliyokuwa miguuni pake. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, kule kuna msitu, na msitu ni kijani." Tukamwambia asitazame ajuacho, atazame aonacho. Alikaza macho kwa muda mrefu, kisha akasema kwa mshangao ya kwamba ukuta ule ni samawati, kama moshi wa jikoni. Akauliza tena: nani aliyeligundua jambo hili kwanza, na alijifunza wapi?

Swali hilo lilitupendeza. Kwanza tueleze jambo lenyewe. Hewa si kitu kitupu. Baina ya jicho na mlima ulio mbali pana mvuke, vumbi, na hewa yenyewe, navyo vyote hutawanya nuru ya jua, na nuru ya samawati hutawanyika kuliko nyekundu. Kwa hiyo kitu kikiwa karibu huonekana kwa rangi yake halisi, na kivuli chake huwa cheusi. Kikiwa mbali rangi yake hufifia, kivuli chake hugeuka samawati, na mwisho mlima na mbingu hukaribia kuwa kitu kimoja. Yeyote asiyeamini na asimame juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, pale barabara inapopanda kutoka Mto wa Mbu, atazame ng'ambo ya Ziwa Manyara saa tisa ya mchana. Kisha arudi pale pale saa kumi na mbili ya asubuhi. Ataona nchi mbili.

Wachora picha wa Ulaya walilijua jambo hili tangu zamani. Walakini wale wa nchi za kaskazini, kama Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa na shida yao. Kwao miezi mingi ya mwaka mbingu ni ya kijivu, jua liko chini, na nuru ni haba. Ndiyo sababu katika karne ya 19 kijana mwenye kutaka kuchora picha za nchi alisafiri kwenda Italia, kama vile mwanachuoni wa pwani yetu alivyosafiri kutafuta elimu kwa masheikh wa mbali. Mshairi wao Goethe alikwenda mwaka 1786 akakaa karibu miaka miwili, na alipoiandika safari yake aliwatia wengi tamaa ya kuifuata njia ile. August Kopisch alikwenda, na mwaka 1826 aliogelea katika pango la kisiwa cha Capri ambalo maji yake hung'aa samawati, akalitangaza mpaka likawa mashuhuri. Carl Blechen alikwenda mwaka 1828, akarudi mwaka uliofuata na michoro yenye jua kali hata watu wa Berlin hawakuipenda: waliona rangi zake ni za ukali mno. Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa ikweta twaweza kucheka. Mtu ambaye hajaona jua la saa sita atajuaje kuwa vumbi la njia huwa jeupe kama unga?

Lakini katika hao wote, tuliyemchagua leo ni Oswald Achenbach, kwa kuwa maisha yake yote aliyatoa kwa pwani ile moja. Alizaliwa katika mji wa Düsseldorf tarehe 2 Februari, 1827. Kaka yake, Andreas, aliyemzidi kwa miaka zaidi ya kumi, alikuwa mchora picha naye, akipenda bahari ya kaskazini yenye dhoruba na mawimbi ya kijivu. Oswald alipokelewa katika chuo cha uchoraji cha mji wao akiwa mtoto wa miaka minane tu. Mwaka 1850 alifika Rumi, na mwaka 1857 akaenda kusini zaidi mpaka Naples, na tangu hapo ghuba ya Naples haikumtoka moyoni. Alirudi tena mara kadhaa, mojawapo ikiwa mwaka 1871 na nyingine 1882. Katikati ya safari hizo, tangu 1863 hata 1872, alikuwa mwalimu wa uchoraji wa mandhari katika chuo kile kile kilichompokea utotoni. Twakiri ya kwamba jambo hili la ualimu limetufanya tumpende.

Tueleze namna alivyofanya kazi, maana wanafunzi hudhani kwamba picha kubwa ya mafuta huchorwa papo hapo juu ya mwamba, upepo ukivuma. Sivyo. Mchora picha alitoka asubuhi na sanduku dogo, akachora upesi upesi kwenye karatasi au ubao mdogo: wingu hili, mti ule, kivuli cha ukuta saa fulani. Zamani rangi iliyokwisha kusagwa na kuchanganywa na mafuta iliwekwa katika kibofu cha nguruwe, ikamwagika na kukauka upesi. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alibuni kibomba laini cha bati chenye kifuniko, na tangu hapo mtu aliweza kutembea na rangi mfukoni. Majira ya baridi yalipofika, mchora picha alikuwa amekwisha kurudi kwao Düsseldorf. Theluji ikianguka nje, yeye hukaa chumbani mwake karibu na jiko, akaitandaza michoro yake midogo, na kwa hiyo akaijenga picha kubwa ya Naples yenye joto. Achenbach aliipaka rangi nene nene, hasa penye mwanga, hata ukipapasa kwa kidole ungeona vilima na mabonde juu ya kitambaa.

Na picha zenyewe zaonyesha nini? Mara nyingi ni jioni. Kwa mbali uko mlima Vesuvio, wenye urefu wa mita 1,280 hivi, umekuwa samawati na zambarau, na moshi mwembamba juu yake. Maana Vesuvio ni mlima wa moto ulio hai, uliolipuka mwaka 1872 wakati Achenbach mwenyewe alipokuwa hodari katika kazi, na mara ya mwisho ulilipuka 1944. Msomaji wa Karatu asione ajabu. Nasi tuna Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, na mwaka 2007 ulitoa majivu na matetemeko ya ardhi yakasikika. Katikati ya picha iko bahari, inang'aa kama sinia ya shaba. Na karibu, penye vivuli vizito, wako watu: wavuvi wanaovuta nyavu, wanawake wenye vikapu kichwani, watawa wa kanisa, punda, watoto wasio na viatu. Iko picha yake ya soko la mji wa Amalfi, aliyoichora mwaka 1876 na ambayo imewekwa katika nyumba ya taifa ya picha mjini Berlin. Si mchora mandhari kila mmoja aliyefanya hivyo. Wengi walipenda nchi tupu, au walitia mtu mmoja mdogo tu ili urefu wa mlima upate kujulikana. Achenbach hakuweza kuiona pwani bila watu wake.

Wanunuzi wa picha hizi walikuwa matajiri wa miji ya mto Rhine, ambako siku hizo viwanda vya chuma na mashimo ya makaa ya mawe yalizidi kila mwaka. Bwana aliyeshinda katika moshi wa kiwanda alirudi nyumbani jioni, akakaa chini ya picha ya Naples, akaburudika.

Hapa ndipo tulipoanza kuwa na mashaka, na wanafunzi wetu walituzidi kwa mashaka. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, wale wavuvi walikula nini?" Naam, ni swali la mtoto wa mkulima. Katika miaka ile ile ya picha hizo nzuri, watu wa kusini ya Italia walikuwa maskini sana. Ardhi ilikuwa ya mabwana wachache, na watu mijini walibanana katika vyumba vya chini visivyo na madirisha. Mwaka 1884 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Naples ukaua watu kwa maelfu. Na tangu 1876 hata 1915 watu milioni 14 hivi walihama Italia, wengi wao kwenda Amerika ya kaskazini na ya kusini, na bandari mojawapo kuu waliyoondokea ilikuwa Naples hiyo hiyo. Yule mvuvi aliyesimama kwenye picha akivuta wavu, huenda mwaka uliofuata alikuwa chini ya sitaha ya meli, akiiacha ghuba ile nyuma yake ikigeuka samawati.

Hatusemi ya kwamba Achenbach alikuwa mwongo. Rangi zake ni za kweli. Lakini alisimama mahali fulani, hatua kadha wa kadha kutoka kwa watu, na hatua hizo zilitosha kuufuta uchovu usoni mwao na kuacha rangi ya kilemba na mwendo wa mwili tu. Hewa ile ile inayoufanya mlima kuwa samawati humfanya na maskini kuwa pambo.

Sasa turudi nyumbani, nasi tuchague mwaka mmoja, 1892. Achenbach alikuwa mzee wa miaka 65 huko Düsseldorf, angali akichora Italia kwa michoro na kumbukumbu zake. Mwezi wa Januari mwaka huo, msafara uliondoka Tanga kwenda bara. Kiongozi wake alikuwa Oscar Baumann, mtu wa Vienna katika Austria, Mzungu wa pekee katika msafara ule. Wengine walikuwa askari na wapagazi Waafrika. Baumann aliwahi kufika nchini mwaka 1888 pamoja na Hans Meyer, wakakamatwa katika vita vya Abushiri na kufungwa minyororo mpaka walipokombolewa kwa fedha. Mara hii alitumwa kupita katika nchi ya Wamasai na kuichora ramani. Alilipita Ziwa Manyara, akapanda nyanda za juu, na tarehe 18 Machi, 1892, alisimama ukingoni mwa Ngorongoro, Mzungu wa kwanza ambaye twajua kwamba aliliona shimo lile.

Twaweza kuwaza alichokiona, kwa kuwa nasi tumesimama huko. Mwezi wa Machi nyasi ni kijani. Ziwa la magadi hung'aa katikati kama bati jipya. Nyumbu na punda milia ni nukta nyeusi. Na ukuta wa ng'ambo ni samawati kabisa. Kama Achenbach angalisimama hapo, angalifungua sanduku lake.

Kisha Baumann alishuka. Na huko chini aliona ambacho hakikuonekana kutoka ukingoni. Walikuwako Wamasai wanaokufa kwa njaa. Aliandika habari za wanawake waliobaki mifupa mitupu, na wapiganaji ambao jana yake walikuwa fahari ya kabila, sasa wakitambaa kwa mikono na magoti. Punda aliyekufa alikuwa karamu kwao. Ngozi, mifupa, hata pembe za ng'ombe hawakuziacha. Wazazi walileta watoto wao kwa msafara, wakitaka wabadilishwe kwa kipande cha nyama. Na walipokataliwa, waliwaficha watoto karibu na kambi wakaenda zao, ili watoto wapate kulishwa. Na Baumann asema ya kwamba wapagazi wake waliwatunza watoto hao kwa huruma. Habari hiyo ya wapagazi yatupasa kuikumbuka, maana wao wenyewe walikuwa watu wenye mizigo mizito na posho ya kupimwa.

Njaa ile ilitoka wapi? Ilitokana na sotoka, maradhi ya ng'ombe, ambayo katika miaka ya 1890 na 1891 yaliua karibu ng'ombe wote wa Wamasai. Kisha ndui ikaja juu yake. Wamasai wenyewe waliyaita maangamizi yale Emutai. Na sotoka ilitoka wapi? Wataalamu wengi husema ya kwamba iliingia upande huu wa Afrika mwaka 1887, katika bandari ya Massawa kwenye Bahari ya Shamu, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya chakula cha jeshi la Waitalia. Tuliposoma habari hiyo tulikiweka kitabu chini kwa muda. Italia ile ile! Watu wa kaskazini waliijia nuru yake, na watu wake maskini waliikimbia kwa meli. Askari wake nao walivuka bahari kutafuta nchi ya kutawala, na maradhi ya ng'ombe wao yakaenda kwa miguu, malisho kwa malisho, hata yakashuka katika shimo la Ngorongoro kabla ya Mzungu yeyote kuliona. Maradhi hayo yalitangazwa kuwa yamekwisha duniani pote mwaka 2011.

Mwaka 1894 kitabu cha Baumann kilipigwa chapa Berlin, na jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema, Kupitia Nchi ya Wamasai mpaka Chimbuko la Nile. Kina picha nyingi. Picha hizo zilitengenezwa kwa kufuata fotografia na michoro ya Baumann mwenyewe, na waliozitengeneza ni wachora picha wawili, Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer. Huyu Fischer, aliyezaliwa Salzburg mwaka 1848, alikuwa mchora mandhari aliyezunguka Italia na nchi za kandokando ya bahari ile, akafika Misri na hata Bara Hindi. Katika msafara wa Baumann hakuwamo. Kwa hiyo Waausitria na Wadachi wa siku zile walipofungua kitabu waione nchi yetu, waliionyeshwa kwa msaada wa mkono uliozoea nuru ya nchi nyingine. Hilo ndilo jibu letu kwa yule mwanafunzi wa rangi ya kijani: walijifunza Italia, na walipokuja kwetu, kwa miguu au kwa kalamu tu, macho yao walikuja nayo.

Kuhusu njaa, kilichotufikishia habari zake ni maneno ya Baumann. Twashukuru kwamba alishuka, na kwamba aliandika.

Tangu siku hizo ukingo ule umetazamwa na watu wengi sana. Kabla ya vita vya 1914 ndugu wawili Wajerumani, jina lao Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta. Mwaka 1959 eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa, nalo lilikusudiwa kuwa la wanyama pamoja na wafugaji, wakiwamo waliohamishwa kutoka Serengeti. Katika miaka ya 1970 wale waliokuwa wakiishi chini kabisa ndani ya kreta waliondolewa. Na mwaka 2022 jamaa za kwanza kutoka nyanda za juu zilianza kuhamia Msomera katika wilaya ya Handeni, jambo ambalo limeleta mabishano makubwa, hata mahakamani. Hatukuja hapa kuamua kesi hiyo. Twasema jambo dogo tu, ambalo ni la mwalimu wa kuchora: picha za Ngorongoro zinazouzwa madukani Karatu na Arusha, kwenye kalenda na kadi, karibu zote zimepigwa kutoka ukingoni, na karibu zote hazina mtu. Mgeni anayezinunua huenda kwao akiamini ya kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Tungependa amwone Achenbach kwanza. Yeye, pamoja na makosa yake yote, alijua ya kwamba pwani ina wavuvi.

Achenbach alifariki Düsseldorf tarehe 1 Februari, 1905, siku moja kabla ya kutimiza miaka 78.

Nasi tumebakiwa na habari moja. Katika safari yetu ile alikuwapo mwanafunzi mwingine, kijana wa Kimasai aliyelelewa kwa bibi yake katika nyanda za juu upande wa mashariki wa kreta. Sisi sote tulipokaa ukingoni tukichora, yeye hakuchora kitu. Tukamkemea kidogo. Baada ya likizo alileta karatasi yake. Karibu kabisa, kwa rangi nzito na vivuli vyeusi, alikuwa amechora boma la miiba na mlango wake umefunguliwa, na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda, na mwanamke aliyeinama akibeba kuni. Hata mishipa ya mkono wake ilionekana. Nyuma yao, mbali, ukapita mstari wa kilele. Tulimwuliza kwa nini hakuchora pamoja na wenziwe. Akasema ya kwamba pale ukingoni alitafuta nyumbani kwao lakini hakupaona, ndipo akangoja mpaka afike.

Tulimpa alama nyingi, ila tulimwonyesha ya kwamba kilele kile amekipaka kijani, na tukamrudishia karatasi akirekebishe.